Je, Dodoma ifikirie reli ya mjini hadi uwanja wa ndege wa Msalato?

Mkazi wa Veyula

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo kila siku nikipita barabara ya Arusha kuelekea nyumbani linanirudia. Uwanja wa ndege tuliouzoea uko katikati ya mji, kiasi kwamba mtu akishuka kwenye ndege, bodaboda humfikisha Nyerere Square kwa dakika chache tu. Uwanja mpya wa kimataifa wa Msalato, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Oktoba 2022, uko zaidi ya kilomita kumi kaskazini mwa mji, nao umesanifiwa uhudumie abiria milioni 1.5 kwa mwaka kwenye njia ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 3,600. Tangu Julai 2024 tuna SGR, yaani reli ya kisasa, inayotufikisha Dar es Salaam, lakini kati ya stesheni, uwanja wa Msalato na Mji wa Serikali wa Mtumba mtu hutegemea daladala, bajaji au gari lake mwenyewe. Swali langu ni hili: je, wakati umefika wa kuzungumzia metro, yaani reli ya mjini, ya kuunganisha maeneo haya, au tunatamani makuu?

Mhandisi Mstaafu

Ndugu yangu wa Veyula, swali lako ni la msingi, ila naomba tuanze na hesabu kabla ya matamanio. Chukua hao abiria milioni 1.5, yaani uwanja ukiwa umejaa kwa kadiri ya usanifu wake, uwagawe kwa siku 365. Utapata kama watu 4,100 kwa siku, wanaokuja na wanaoondoka pamoja. Ukiwasambaza kwenye saa 16 za kazi, kila upande unapata watu wasiozidi 130 kwa saa, na hao ni mabasi makubwa mawili. Hata ukizidisha mara tatu kwa ajili ya saa za msongamano, bado hujajaza treni moja ya metro ya mabehewa sita, ambayo peke yake hubeba zaidi ya watu elfu moja. Kwa hiyo, reli inayojengwa kwa ajili ya wasafiri wa ndege peke yao haitajilipa, na haitakaribia kujilipa.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni Abuja, kwa sababu nao ni mji mkuu uliohamishiwa katikati ya nchi. Sisi tuliamua mwaka 1973, wao mwaka 1976. Reli yao ya mjini, yenye kilomita kama 45 na tawi linalokwenda uwanja wa ndege wa Nnamdi Azikiwe, ilizinduliwa Julai 2018 ikiwa na mabehewa machache, ikasimama mwaka 2020 wakati wa korona, na haikurudi kubeba abiria hadi Mei 2024. Reli ilikuwepo, stesheni zilikuwepo, ila kwa miaka minne hakuna aliyesafiri. Kujenga ni mkopo wa mara moja. Kuendesha ni bili ya kila mwezi, na hiyo ndiyo inayosahaulika kwenye hotuba.

Delhi nako kuna somo. Njia yao ya uwanja wa ndege, kilomita 22.7, ilifunguliwa Februari 2011 chini ya mwendeshaji binafsi, ikafungwa Julai 2012 kwa hitilafu za kiufundi, ikafunguliwa tena Januari 2013, na katikati ya mwaka huo ikakabidhiwa kwa shirika la metro la umma. Baadaye nauli zilipunguzwa na abiria wakaongezeka. Sioni muujiza hapo: mfanyakazi anayeishi kando ya njia hiyo alianza kuimudu nauli.

Mwana Chamwino

Kwa heshima zote, Mzee wangu, hesabu hiyo inaiangalia Dodoma ya leo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hili, na sote tunaona nyumba zinavyoota Ilazo, Nzuguni na Mtumba. Johannesburg walifungua treni ya Gautrain kati ya eneo la biashara la Sandton na uwanja wa ndege wa O.R. Tambo mwezi Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, na mwaka uliofuata ikafika Pretoria; leo mgeni hutumia robo saa hivi kufika Sandton. Tukisubiri mji ujae ndipo tuanze, tutarudia ya Dar es Salaam.

Mhandisi Mstaafu

Mwanangu, Gautrain si metro bali ni reli ya haraka, na nauli ya kwenda uwanja wa ndege imewekwa juu kuliko ya safari nyingine. Mhudumu anayefagia ukumbi wa abiria hapo si mteja wake. Linganisha na London, ambako mwaka 1977 waliirefusha tu njia ya metro ya Piccadilly, iliyokwisha kuhudumia mitaa, hadi uwanja wa ndege wa Heathrow. Inasimama kila mahali na mwenye haraka huilalamikia, lakini humbeba rubani, mpishi na mwanafunzi kwenye behewa moja. Kwetu, njia yenye maana ni ile inayotoka Mtumba, ikapita mjini na Miyuji pale Chuo cha Mipango, kisha ikamalizikia Msalato, uwanja wa ndege ukiwa kituo kimoja miongoni mwa vingi. Kwa sasa hata mabasi yenye njia yake yanatosha kazi hiyo. Mpango wa mji wa mwaka 1976 uliwapa watembea kwa miguu na mabasi nafasi ya kwanza kuliko magari binafsi. Jambo hilo si geni hapa, tulilisahau tu.

Mpima Ardhi

Niongeze upande wa ardhi, maana ndiko fedha zinakopotelea. Reli ya juu ya ardhi ni nafuu mara kadhaa kuliko ya handaki, lakini unafuu huo unadumu pale tu ambapo njia iko wazi. Ukanda wa mita 30 ukichorwa leo kwenye ramani na kuwekewa mawe ya mipaka, gharama yake ni karatasi na siku chache za kazi. Ukichorwa baada ya watu kupewa viwanja na kujenga, ni fidia ya nyumba moja baada ya nyingine, pamoja na kesi. Ukanda huohuo mabasi yanaweza kuutumia kwanza.

Tena, karibu na uwanja wa ndege huwezi kuinua reli utakavyo. Anga ambamo ndege hupanda na kushuka hulindwa, hivyo nguzo na nyaya za umeme haziruhusiwi kuchomoza ndani yake, na ndiyo maana nafasi ya stesheni hutengwa mapema mbele ya jengo la abiria, hata kama kwa miaka ishirini itakuwa maegesho ya magari.

Mkazi wa Veyula

Nawashukuru sana. Niliuliza habari za treni, kumbe nilipaswa kuuliza habari za ramani. Mpima Ardhi, mwananchi wa kawaida akitaka kujua kama ukanda huo umechorwa upande wetu wa barabara ya Arusha, aanzie wapi?

Mpima Ardhi

Anzia ofisi ya mtendaji wa kata, kisha kitengo cha mipango miji cha Jiji, uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lako wenye mhuri wa kuidhinishwa. Mchoro wa kugawia viwanja pekee hautoshi. Tafuta mistari miwili sambamba iliyoandikwa hifadhi ya usafiri. Usipoiona, andika barua wakati viwanja bado havijauzwa.