Safari ya Imu (msilete mambo mengine humu)

JUMATATU

Senge Amina 06:12
Assalaam aleikum familia. Nimefungua kikundi hiki kwa sababu kule kwingine mnatuma keki na dua mpaka jambo la maana linazama. Imu anafunga shule Agosti. Tangu azaliwe hajaona bembea ila ile ya tairi kwa Kukhu, bibi yenu. Nimeamua tumpeleke Two Rivers, Nairobi, kule kwenye michezo ya mashine, apande vitu vya watoto wenzake. Nataka majina ya wanaokwenda kabla ya saa sita.

Senge Amina 12:41
Saa sita imepita. Naona mmesoma, watu tisa.

Juma Kisumu 12:43
Waaleikum salaam. Chakula kipo?

Senge Amina 12:43
Juma.

Juma Kisumu 12:44
Nauliza tu dadangu. Kilomita 350 si za kwenda na chai ya rangi.

Rashid Bondeni 13:20
Senge, shangazi yangu, kwani lazima Nairobi? Mimi niko hapa Bondeni, lango la Lake Nakuru ni karibu na kwangu. Mtoto aone faru, nyati, twiga. Hao hawasimami stima ikipotea.

Senge Amina 13:22
Faru hapandwi, Rashid. Mtoto wa miaka minne ukimwonyesha faru amelala kule mbali atakuuliza tu biskuti ziko wapi.

Juma Kisumu 13:25
Na flamingo wengi walishahamia Bogoria maji yalipopanda. Hata ndege wameichoka Nakuru 😂

Rashid Bondeni 13:26
Baba mdogo, nyinyi Kisumu mna impala wa kuhesabu kwa vidole. Tulia.

Juma Kisumu 13:26
Wetu wanatujua kwa majina.

Senge Amina 13:31
Nilisema MSILETE MAMBO MENGINE HUMU.

JUMANNE

Mariam Ruaka 21:08
Samahani Senge, jana nilikuwa zamu. Mimi naishi karibu na hapo kwa hivyo nisikilizeni kidogo. Kwenye michezo mikubwa hawaulizi umri, wanapima urefu. Kile chuma kinachoshuka mapajani kimeundwa kwa mwili mkubwa, mtoto mfupi anaweza kuteleza akapita chini yake. Kwa hivyo mtu asianze kumbembeleza mhudumu. Mpimeni Imu nyumbani kabisa, kwa sentimita, bila viatu.

Senge Amina 21:10
Imu ni mrefu. Amefuata babake.

Juma Kisumu 21:11
Babake huyu huyu anayebadilisha balbu kwa stuli?

Swaleh 21:11
😂😂😂

Senge Amina 21:12
Swaleh, kumbe uko! Mchango wako uko wapi?

Mariam Ruaka 21:15
Msimvalishe viatu vya soli nene ndio apite. Soli haimshikilii mtu kwenye kiti. Halafu njia. Mkitoka Nakuru msiingie mjini kabisa. Shukeni Gitaru mshike Western Bypass mpaka Ruaka, mko hapo tayari. Wikendi pia ni sawa kwenu: njooni Jumamosi asubuhi, mrudi Jumapili. Jumapili jioni magari yanajazana Naivasha yakija huku Nairobi, nyinyi mtakuwa mnaelekea upande wa pili.

Senge Amina 21:30
Ahsante Mariam, angalau kuna mtu mwenye akili. Basi mpango ni huu. Matatu ya viti 14 ya kukodi inatoka Kisumu Ijumaa saa nne usiku, inachukua wa Nakuru alfajiri, saa mbili asubuhi tuko mlangoni. Kila mtu mzima 3,000. Fulana nimeshachapisha, za njano, zimeandikwa IMU SAFARINI.

Rashid Bondeni 21:32
Umeshachapisha?? Tarehe bado!

Senge Amina 21:33
Haina tarehe, nina akili. Njano ni ili mtoto aonekane kwenye umati. Na namba ya simu tutamwandikia mkononi kwa kalamu.

Juma Kisumu 21:35
Ungekuwa na wazo hilo ile siku ya shoo, Rashid asingeitwa kwenye kipaza sauti.

Senge Amina 21:36
Juma, tusianze.

Juma Kisumu 21:36
Mimi nimesifu fulana.

Senge Amina 21:38
Nilikuachia mkono wa mtoto nikaenda kukata tiketi.

Juma Kisumu 21:38
Uliniachia mkoba. Mkoba niliurudisha ukiwa mzima.

Senge Amina 21:39
Mkono NA mkoba. Na uliacha mkono ukafuata mtu wa mahindi choma. Mbele ya wale farasi wa kuzunguka. Miaka yote hii nimebeba lawama yako.

Juma Kisumu 21:41
Lawama ya nani? Si tulikubaliana halitoki pale.

Rashid Bondeni 21:44
Mimi mwenyewe niliyepotea sina kesi na mtu. Yule askari alininunulia soda. Ile ilikuwa siku nzuri.

Mariam Ruaka 21:45
Weeh. Na Mwanahawa yuko humu, mnajua?

Senge Amina alifuta ujumbe huu
Senge Amina alifuta ujumbe huu

Juma Kisumu 21:52
Ya kwangu haifutiki tena. Inasema muda umepita ama sijui nabonyeza wapi.

JUMATANO

Mwanahawa Mumias 07:05
Assalaam aleikum. Nilimsomea Kukhu yote baada ya alfajiri, aliniambia nisiruke. Anasema niandike alivyosema.

"Gari la mtoto wangu halipiti Salgaa usiku. Tuliowazika kwa ile barabara mnawajua. Wa Kisumu watoke mchana, walale kwa Rashid. La pili, huyo mtoto ana mama. Tangu Jumatatu mnamgawana kama nyama ya Idd na hakuna aliyemwuliza Zuhura. La tatu, Amina na Juma, mliniambia Rashid alichelewa kwa sababu gari liliharibika. Mtakuja hapa nyumbani wote wawili, mkae kwa mkeka mmoja, mnieleze."

Ameenda shambani. Amesema asipigiwe simu.

Rashid Bondeni 07:30
🙈

Swaleh 08:02
Nyumba kimya.

Senge Amina 11:47
Tumesikia mama.

Juma Kisumu 11:49
Tumesikia.

Zuhura 20:16
Assalaam aleikum nyote. Sijanyamaza kwa ubaya, ni bando. Mwambie Kukhu ahsante. Senge, sijakataa. Nimempima ukutani, sentimita 97. Ila kimo si tatizo langu. Imu anaogopa hata kisiagi. Tukipeleka mahindi anaziba masikio na kulia mpaka tutoke. Sasa pale kwenye mashine kumi zikinguruma na watu wanapiga mayowe, atafanyaje?

Mariam Ruaka 20:20
Ziko za watoto wadogo, taratibu, na unakaa naye mwenyewe. Asubuhi kunakuwa na kelele kidogo kuliko mchana. Mngoje asimame aangalie wengine kwanza, asiwekwe kwenye kiti akishuka tu gari.

Zuhura 20:24
Hapo sawa. Halafu anatapika kona za Kericho, kwa hivyo kiti cha mbele ni chetu, na asubuhi hapewi maziwa. Saa saba analala. Asipolala hakuna safari, mtabeba kilio. Tufike mapema, saa mbili tatu hivi za kucheza zinatosha. Akisema hataki, hataki. Sitaki abebwe kwa nguvu kwa sababu fulana zimeshachapishwa.

Senge Amina 20:31
Nani amesema atabebwa?

Zuhura 20:31
Nimesema tu mapema, Senge. Kwa heshima.

Rashid Bondeni 20:35
Kwangu mnakaribishwa, ila magodoro ni matatu. Jumapili tukirudi tupitie kwa faru bado? Ada inalipwa kwa simu, sio kubeba pesa langoni.

Senge Amina 20:36
RASHID.

Zuhura 20:38
Mimi ningependa faru pia 😅

Senge Amina 20:50
Haya. Kisumu inatoka Ijumaa saa nne ASUBUHI. Juma, utaomba ruhusa kazini?

Juma Kisumu 20:58
Ijumaa ni ngumu. Labda nije na basi Jumamosi nishukie kwenu Nairobi.

Senge Amina 20:59
Na nani atakuwa na Zuhura njiani? Na Mumias tunaenda lini, kabla ama baada?

Juma Kisumu 21:04
Mumias mimi naweza baada.

Senge Amina 21:05
Mama amesema wote wawili. Mimi siendi kukaa kwa mkeka peke yangu.

ALHAMISI

Senge Amina 06:30
Wa tarehe za mwanzo wa Agosti mwinue mkono. Wa mwisho wa mwezi pia. Juma bado hujajibu.

Swaleh 13:15
Nimetuma 1,000, iliyobaki mwisho wa mwezi.

Senge Amina 13:16
Umetuma kwa nani? Kwangu haijaingia.

Swaleh 13:19
Kwa Baba mdogo Juma. Si yeye ndiye wa pesa?

Senge Amina 13:19
Nani alisema hivyo?

Juma Kisumu 13:40
Imeingia. Nimeshika. Mkoba uko salama.