Kisukuku cha Megasiphon: mirija miwili yatosha kumwita tunikata?

mwl_makole: Wakuu, shikamooni. Kidato cha sita wamenibana kuhusu Megasiphon thylakos, kisukuku cha Utah, Marekani, chenye umri wa miaka kama milioni 500, kilichotangazwa 2023. Walijuaje ni tunikata (mnyama wa baharini mwenye mwili kama mfuko na mirija miwili ya kupitishia maji) na si sponji? Na je, nikiwapeleka vijana kilima cha Mlimwa, hapa Dodoma, wataokota kisukuku chochote?

jabali_dom: Marahaba mwalimu. Mirija peke yake isingetosha. Mfuko wowote laini ukibanwa na tope unaweza kuacha umbo kama lile. Kilichoamua ni misuli. Mwili una umbo la pipa, na juu yake kuna mistari myeusi inayopanda kwa urefu hadi kwenye mirija. Walipoilinganisha na misuli ya Ciona, tunikata aishiye leo, mpangilio ukaoana. Sponji hana misuli kabisa.

Mlimwa, okoa nauli. Ile ni graniti, iliganda kutoka kwenye ujiuji wa moto zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, wanyama hawajakuwepo. Wataokota "majani" meusi kwenye nyufa na kushangilia. Hayo ni madini ya manganizi yaliyoletwa na maji: yanatawanyika kufuata ufa. Kiumbe asiye na mfupa anahitaji tope laini la kumfukia haraka, kabla hajaoza.

maabara_pwani: Bora uagize tunikata hai, wamejaa kwenye nguzo za magati. Ila usiwatie kwenye spiriti moja kwa moja: watajikunyata, mirija itafunga, na misuli itajikusanya usione mstari hata mmoja. Yeyusha gramu 75 za magnesiamu kloraidi (ile ya fuwele zenye maji) upate lita 1, kwa maji yasiyo na chumvi, kisha changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari. Waache humo hadi ukigusa mrija kwa sindano usijifunge. Ndipo uwahamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Misuli iko chini ya gamba, yaani ngozi ngumu ya nje, kwa hiyo chana gamba kwa mkasi mdogo ulivue taratibu. Jamii nyingine misuli yake imetanda kama wavu, msishangae isipofanana na picha.

mwl_makole: Asanteni sana. Na kile kisukuku kiitwacho Ausia, cha Namibia? Si ndiyo ya zamani zaidi?

jabali_dom: Kwa umri, ndiyo, inatangulia Kambria, kipindi cha Megasiphon. Wapo walioifananisha na tunikata kwa sababu ya vitundu vilivyopangwa mwilini. Lakini vitundu si misuli. Darasani iandike kama dai, Megasiphon ndiyo uitolee ushahidi.