Titi lililobonyea baada ya mionzi: lijazwe lini, na kwa kitu gani?

Mwanaisha_T: Habari za humu. Mgonjwa alitolewa uvimbe wa saratani wa sm 3 chini ya titi la kushoto, na titi lenyewe ni dogo. Mionzi imeisha miezi 4 sasa. Pamebonyea, chuchu imevutwa chini. Anaweza kuwekewa silikoni yaishe?

Kisu_Baridi: Dada, silikoni iwe ya mwisho kufikiriwa. Kwenye titi lililopigwa mionzi, kovu linalouzunguka mfuko wa silikoni huwa gumu, huubana, na titi hukakamaa na kuuma. Isitoshe, mfuko haujazi shimo la upande mmoja. Unasukuma titi zima mbele, bonde linabaki palepale. Na miezi 4 ni mapema, ngozi bado inasinyaa. Asubiri miezi 6 hadi 12, na mamografia (eksirei ya titi) iwe safi kwanza.

Sr_Wodini: Bonde likiwa dogo, atumiwe mafuta yake mwenyewe. Yananyonywa tumboni au mapajani, yanasafishwa, kisha yanadungwa kidogo kidogo kwa vijia vingi, tabaka juu ya tabaka. Yakimwagwa yote mahali pamoja, ya katikati hayafikiwi na damu: yanakufa na kuacha vinundu vigumu. Kwa kupapasa, kinundu hicho hukitofautishi na saratani iliyorudi, kwa hiyo ni picha, pengine na sindano ya kuchukua kinyama. Mwambieni mapema pia kwamba mwili hunyonya sehemu kubwa ya mafuta hayo, hata nusu. Raundi 2 au 3 ni kawaida, zikipishana miezi kadhaa.

Kisu_Baridi: Bonde kubwa halijazwi kwa mafuta. Hapo inaletwa nyama na ngozi kutoka ubavuni au mgongoni, ikiwa bado na mshipa wake wa damu. Ya mgongoni hupenda kujaza maji kwenye jeraha, hivyo mrija wa kuyatoa usiondolewe haraka. Sigara na shisha aache wiki 4 kabla, la sivyo ncha ya nyama inaweza kufa.

Kusema kweli, hili lilipaswa kupangwa siku ileile ya kutoa uvimbe. Ikitarajiwa kuondoka zaidi ya 20% ya titi, nyama iliyobaki hupangwa upya kabla ya mionzi, na vibanio vya titaniamu huachwa pale uvimbe ulipokuwa ili mionzi ipalenge.

Mwanaisha_T: Asante. Na la kulia, maana sasa linaonekana kubwa?

Sr_Wodini: Liachwe mpaka la kushoto litulie. Ukilipunguza sasa, utalipunguza tena.