Mjadala: Kwenye mashindano ya redio ya ridhaa, kompyuta kuukuu bado ina nafasi?

Mleta mada

Wakuu, kila msimu wa mashindano ukikaribia watu wa redio ya ridhaa (wanaowasiliana kwa redio zao kama burudani, si biashara) hugawanyika kambi mbili. Kuna wanaotetea kompyuta kuukuu yenye DOS (mfumo endeshi wa kabla ya Windows) au Windows XP, na kuna wanaosema hizo zikae makumbusho. Mimi niko na wa kuukuu, ila si kwa kila shindano.

Chukulia CQ WW ya Morse, shindano la dunia nzima la kuwasiliana na vituo vingi uwezavyo kwa nukta na mistari, ile ya mwisho wa Novemba, saa 48 mfululizo. Kompyuta ina kazi tatu: kuandika logi (orodha ya vituo ulivyowasiliana navyo), kukuonya kama kituo hicho umeshakipata kwenye bendi hiyo (kundi hilo la masafa), na kupiga Morse. Hakuna hata moja inayodai prosesa ya mwaka huu. Programu kama CT na TR Log zilifanya yote hayo kwenye DOS, tena kwa memori ambayo leo haitoshi hata picha moja ya simu.

Halafu kuna suala la muda. Ukipiga Morse kwa kasi ya maneno 30 kwa dakika, nukta moja ni milisekunde 40. DOS huiachia programu mashine nzima, kwa hiyo amri ikitoka, waya wa poti ya printa unaopeleka Morse kwenye redio unawaka papo hapo. Windows inahudumia programu chungu nzima kwa zamu. Ikichelewa milisekunde 20 tu, nukta yako imekuwa nukta na nusu, na anayekusikiliza katikati ya msongamano anaomba urudie.

Mchangiaji wa kwanza

Nakataa, mkuu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito enzi zake. Leo unaweka kisanduku kama WinKeyer: kompyuta inatuma herufi, chipu ya ndani ndiyo inayopima nukta na mistari. Windows ichelewe itakavyo, Morse inatoka safi. Na hiyo poti ya printa unayoisifia, itafute kwenye laptop ya leo uone. Adapta ya USB ya printa haisaidii, kwa sababu programu haiwezi kuwasha na kuzima waya mmoja mmoja kupitia kwake.

Mawimbi ya kidijitali hujayagusa kabisa. FT4, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kompyuta kwa kompyuta kupitia redio, iliyotoka 2019 kwa ajili ya mashindano hasa, ina zamu za sekunde 7.5. Kompyuta isikilize kipande kizima cha bendi, ifumbue ishara nyingi kwa mkupuo, ikupe majibu kabla zamu yako haijaanza. Prosesa yako ya zamani ya Pentium itakuwa bado inakuna kichwa.

Mleta mada

FT4 chukua, ndiyo maana nimesema si kila shindano. WinKeyer nayo nzuri. Lakini sikiliza ulichosema: kazi nyeti umeitoa kwenye kompyuta mpya ukaipa chipu ndogo. Iliyobaki inaandika logi tu, sasa ya nini iwe mpya?

Na USB yenyewe? Ukirusha wati mia kadhaa karibu na meza, mawimbi yanaingia kwenye kebo, kifaa kinajitoa, redio na kompyuta hazisikilizani tena mpaka uchomoe na kuchomeka upya. Poti ya siria (serial) ya zamani inafanya kazi kwa volti nyingi zaidi. Ikipigwa, inaharibu herufi moja na kuendelea na safari.

Mchangiaji wa pili

Vika kebo pete za feraiti (zinazozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya), tatizo linapungua sana. Na msiseme kompyuta za zamani hazina kelele. Skrini za chupa za VGA zilimwaga vilio kila baada ya kilohezi 31.5, ukafika bendi za mita 160 na 80 unavihesabu. Adapta mbovu ya laptop ya kisasa inaudhi vilevile, lakini hiyo unaichomoa na kutumia betri.

Mchangiaji wa tatu

Naona mnabishania umri wakati kinachoamua ni daraja unaloshindania. Ukiwa peke yako bila kusaidiwa na orodha za vituo za mtandaoni, intaneti huihitaji. XP iliachwa na Microsoft tangu Aprili 2014, sawa, lakini kompyuta isiyogusa mtandao haina mengi ya kuogopa. Logi ya Cabrillo, muundo wa faili unaotumika kutuma logi za mashindano, ni maandishi matupu: unaihamisha kwa flashi na kuituma ndani ya siku 5 baada ya CQ WW kuisha. Ukitaka Reverse Beacon Network (mtandao wa vipokezi vinavyotangaza vituo vinavyosikika hewani) na skrini inayoonyesha bendi nzima, nunua ya kisasa na uzime masasisho kabla ya shindano kuanza.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada hajajibu kubwa kuliko yote. Diski ya umri huo ikifa saa ya 30 ya shindano, spea anaitoa wapi?

Mleta mada

Ya pili iko pembeni tayari, na logi inanakiliwa kila saa. Kuukuu mbili bei yake haifiki mpya moja. Wewe ya kisasa ikizima, unayo ya pili?