Tupeane uzoefu: uamuzi wa dakika za lala salama uliowaua, na mlisukaje kikosi baada ya hapo

Kiungo Punda
Wakuu habari zenu. Jana sijalala vizuri. Timu yangu (sitaitaja, walioangalia wanaijua) inaongoza moja bila mpaka dakika ya 84, mpira tunao sisi, wapinzani wameshaanza kufokeana wenyewe kwa wenyewe, mara naona ubao unanyanyuliwa, anatoka winga ambaye ndo alikuwa anawazuia mabeki wao wasipande, anaingia beki wa tano. Beki wa tano! Kuanzia hapo hatukuvuka tena nusu ya uwanja. Kona, krosi, kona, mpira unazagaa kwenye boksi, goli. Dakika za nyongeza wakaweka la pili. Leo mashabiki wenzangu wote wimbo ni mmoja, fukuza kocha, uza nusu ya kikosi, anza upya. Mi nataka kusikia kwenu, timu yako ilishawahi kufanyiwa hivi? Uamuzi gani wa mwishoni uliwaua na mlijijenga vipi baada ya hapo?

Kona Fupi
Ukishaingiza beki wa tano umeshawaambia karibuni.

Mtambaa Panya
Umenigusa pabaya mkuu. Mimi ni Bayern toka enzi za Kahn, nina vidonda viwili, naeleza cha pili maana cha kwanza mpaka leo siwezi kukizungumzia.

19 Mei 2012, fainali ya Ligi ya Mabingwa, na fainali yenyewe iko nyumbani kwetu Allianz Arena. Tumewabana Chelsea mechi nzima, tunapiga kona tu, jumla zilifika 20. Ishirini! Dakika ya 83 Müller anapiga kichwa cha kudundisha, mpira unagonga nyasi unampita kipa wao Cech kwa juu, unagusa mtambaa panya, ndani. Mimi nikajua kombe limeisha, nilishaanza kupiga simu kwa watu. Mara kocha wetu Heynckes anamtoa Müller anaingia Van Buyten, beki. Nikasema kimoyomoyo sawa, jamaa mrefu, atatusaidia mipira ya juu. Hata dakika mbili hazijaisha Chelsea wanapata kona yao ya kwanza ya mechi nzima, Mata anapiga, Drogba anakimbilia nguzo ya karibu anamtangulia Boateng, kichwa, Neuer mkono anaugusa kabisa lakini ule mpira haukuwa wa kuguswa, ulikuwa wa kupigwa ngumi na watu watatu. 1-1, dakika ya 88. Beki tuliyemuingiza kwa ajili ya mipira ya juu, na tumefungwa mpira wa juu.

Muda wa ziada tunapata penati, Robben, Cech anadaka. Matuta sasa, penati za kuamua mshindi, aliyetufungia goli amekaa benchi, penati ya tatu anapiga kipa wetu mwenyewe (Neuer, na alifunga), Schweinsteiger anagonga mwamba, Drogba anamaliza. Simu nilizopiga zote zikaanza kunirudia, nikazima.

Jukwaa la Juu
Pole sana mkuu. Ila Van Buyten unamuonea, Drogba wa siku ile asingezuiwa na mtu yeyote.

Mtambaa Panya
Sijamlaumu Van Buyten. Nalaumu kumtoa mtu anayewatisha. Müller akiwa uwanjani kuna beki wao anabaki nyuma, akitoka yule beki anapanda, ni hivyo tu.

Refa Mstaafu
Mtambaa Panya anaogopa kidonda cha kwanza, ngoja nimsaidie, wanangu wengi humu mlikuwa hamjazaliwa. Camp Nou, 26 Mei 1999, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Bayern wanaongoza toka dakika ya 6 kwa faulo ya Basler. Scholl kagonga mwamba, Jancker kagonga mtambaa panya, Manchester United wako hoi. Dakika ya 80 anatolewa Matthäus, mzee wa miaka 38 lakini ndo aliyekuwa anaipanga ile nyuma. Upande wa pili Ferguson naye anabadilisha, ila yeye anaingiza washambuliaji, Sheringham na Solskjaer. Dakika za nyongeza kona mbili, Sheringham, Solskjaer, mchezo umekwisha. Makocha wote wawili walifanya mabadiliko, mmoja alikuwa anafikiria kumaliza, mwenzake anafikiria kufunga.

Mtambaa Panya
Mzee nilisema siwezi kukizungumzia.

Namba Tisa Feki
Mimi nawashangaa mnaosema msilinde. Mimi ni Barcelona, sisi tuliuawa kwa KUTOLINDA. 6 Mei 2025, San Siro, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Inter, mkondo wa kwanza tatu tatu. Kule kwao tunafungwa mbili, tunarudisha zote, dakika ya 87 Raphinha anaweka la tatu. Jumla tunaongoza, zimebaki dakika chache, na timu bado inashambulia kana kwamba tunafungwa! Yamal anagonga mwamba, nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Dakika ya 93 Dumfries anapora mpira pembeni kule kule kwenye kona, anaingiza krosi, na anayefunga ni nani, Acerbi. Beki wa kati. Miaka 37. Kapanda mbele mwenyewe kwa sababu alishaona hakuna kesho. Frattesi akamalizia dakika ya 99 tukatoka 7-6. Pale mtu alitakiwa aushike mpira apeleke kwenye kibendera cha kona akae nao, alale chini, afunge kamba za viatu, chochote. Timu ya watoto haijui kuua mpira.

Kona Fupi
Ndo mjifunze kupaki basi, wote nyuma mlinde.

Namba Tisa Feki
Kupaki basi kumemuua mwenye uzi jana usiku, soma kwanza.

Kona Fupi
Yeye alipaki basi bila dereva. Kuna kupaki na kuna kutelekeza.

Beki wa Kupanda
Asamoah Gyan, 2 Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay, penati ya dakika ya mwisho akakosa. Sina la kuongeza.

Jukwaa la Juu
😭 Afrika nzima ile.

Kona Fupi
Ile penati angepewa mtu mwingine, presha ilikuwa kubwa mno kwake.

Beki wa Kupanda
Nani mwingine? Alishafunga penati dhidi ya Serbia na dhidi ya Australia kwenye mashindano yale yale. Na matuta yalipoanza dakika chache baadaye, yeye ndo alitangulia kupiga kwa Ghana na akafunga. Uamuzi ulikuwa sahihi, mpira ukagonga mtambaa panya. Tusichanganye uamuzi mbovu na bahati mbovu, ndo maana timu zinafukuza makocha ovyo. Uamuzi wa kulaumu ni kama ule wa Uingereza fainali ya Euro, Julai 2021, Rashford na Sancho wanaingizwa dakika ya 120 waje kupiga matuta, hawajaugusa mpira kisawasawa, miguu baridi, wote wakakosa.

Refa Mstaafu
Na kocha Van Gaal, Kombe la Dunia 2014, alimuingiza kipa Krul dakika ya 120 dhidi ya Costa Rica, akaokoa mbili, Uholanzi wakapita. Huyo mkamwita fundi. Kitendo ni kile kile.

Glovu Kavu
Hili la Krul limenifanya niandike, huwa nasoma tu humu.

Nilikuwa kipa wa timu ya wasichana shuleni. Fainali, sifuri sifuri, tunaelekea matuta na refa ameshaanza kuangalia saa. Wale wapinzani tulishacheza nao kabla, kwa hiyo mimi na rafiki yangu tulikaa tukaandika kila mpigaji wao anapenda upande gani, nani anachelewesha mguu, nani anamuangalia kipa usoni halafu anapiga kinyume. Ile karatasi niliikunja nikaiweka ndani ya soksi ya kushoto, nilikuwa nimeikariri lakini nilitaka iwepo. Mpira ukatoka, kocha akaniita kwa mkono. Nikadhani ananiambia kitu kuhusu matuta, nikakimbia kabisa. Nafika namkuta kipa wa pili amesimama kwenye mstari, glovu ameshavaa. Kocha hakusema hata neno, alinishika bega huku anaangalia uwanjani.

Nikakaa benchi. Mwenzangu akaokoa mbili tukabeba kombe. Watu wanakimbia kumbeba juu juu, na mimi nilikimbia, nilishangilia kwa moyo wote ile ni timu yangu. Lakini nilivyovua soksi jioni karatasi ikadondoka, nililia mpaka mama akadhani tumefungwa. Sikurudi golini tena.

Kocha matokeo yalimpa haki, sibishani. Ila uamuzi haukuwa mzuri eti kwa sababu tulishinda. Angeniambia asubuhi, ile karatasi ningempa mwenzangu angeingia anajua. Yule Krul mnayemsifia alikuwa ameshaambiwa kabla ya mechi, Cillessen ndo hakuambiwa, alitoka anapiga chupa teke. Mie nilimuelewa kuliko mtu yeyote aliyekuwa anaangalia ile mechi.

Jukwaa la Juu
Dada pole sana aisee. Nimeisoma mara mbili.

Beki wa Kupanda
Karatasi kwenye soksi imeniua. Mwenye uzi badilisha kichwa cha habari, uzi huu sasa ni wa dada.

Namba Tisa Feki
Ndo maana mi namuelewa Kepa, yule kipa wa Chelsea. Fainali ya Kombe la Ligi 2019, Chelsea na Manchester City, kocha Sarri anataka kumtoa kabla ya matuta, kipa wa pili Caballero yuko tayari kuingia, Kepa akakataa kutoka. Nyote mlimtukana.

Kona Fupi
Na tutaendelea. Kocha akikuita unatoka. Timu ikifika mahali mchezaji anajipangia, hapo hakuna timu. Halafu walifungwa.

Namba Tisa Feki
Aliokoa penati ya Sané lakini. Na walifungwa 4-3, angeingia mwingine ungejuaje?

Kona Fupi
Nidhamu haipimwi kwa penati ya Sané.

Glovu Kavu
Naomba msinitumie kumtetea Kepa. Mimi niliitwa nikatoka. Kukataa ni kitu kingine kabisa, unamvunjia heshima kocha na unamdhalilisha mwenzako aliyesimama pale pembeni na glovu. Nilichosema ni kocha amwambie mtu mapema.

Kona Fupi
Dada umeongea.

Kiungo Punda
Wakuu nashukuru, dada pole. Turudi kwenye swali la pili basi, mnajengaje upya? Kwetu wanataka kuuza nahodha.

Mtambaa Panya
Sisi baada ya 2012 hatukubomoa. Heynckes akabaki. Akaletwa Javi Martínez kwa euro milioni 40 akae mbele ya mabeki, watu wakasema pesa zimetupwa, akaja Dante nyuma, Mandžukić mbele. Kikosi kingine kile kile cha machozi. Msimu uliofuata makombe matatu, na fainali Wembley na Dortmund aliyefunga la ushindi dakika ya 89 ni Robben. Robben yule aliyekosa penati, mashabiki wetu wenyewe walimzomea siku chache tu baada ya fainali ya Chelsea. Angeuzwa kwa hasira zile leo ningekuwa na vidonda vitatu.

Jukwaa la Juu
Leverkusen walifukuza kocha Oktoba 2022 wako karibu na mkia, akaja Xabi Alonso, 2024 ubingwa bila kufungwa ligi nzima. Fukuza tu mkuu.

Mtambaa Panya
Unasahau waliomuongezea Xhaka na Grimaldo. Kocha peke yake hachezi.

Beki wa Kupanda
Ivory Coast walibadilisha kocha KATIKATI ya mashindano, AFCON ya 2024 nyumbani kwao, wamepigwa nne na Equatorial Guinea, Faé akachukua timu. Dhidi ya Mali, Ivory Coast wakiwa kumi uwanjani, wanasawazisha dakika ya 90, wanafunga la pili dakika ya 120 na ushee. Wakabeba. Hakuna aliyesajiliwa hata mmoja hapo.

Namba Tisa Feki
Mkitaka kuona namna ya kutojenga angalieni Manchester United toka Ferguson aondoke 2013. Di María, Falcao, Schweinsteiger, Sánchez, Ronaldo karudi, majina matupu, kila kocha anakuja na wake anamkuta wa mwenzake. 2025 wakamaliza nafasi ya 15.

Jukwaa la Juu
Mi Arsenal, sisi tulivumilia. Kocha Arteta alimaliza wa 8 mara mbili, akawa wa 5, halafu wa pili. Ule msimu wa 2022/23 tulikuwa tunaongoza mbili bila kwa Liverpool, 2-2, tunaongoza mbili bila kwa West Ham, 2-2, beki wetu Saliba yuko nje ameumia na benchi halina mtu wa levo yake. Hapo ndo nilijifunza, mechi za mwishoni zinapotea kwenye dirisha la usajili, siyo dakika ya 84. Kiangazi kile tukamchukua kiungo Rice.

Kona Fupi
Nafasi ya pili misimu mitatu mfululizo ndo unamfundisha mwenzako?

Jukwaa la Juu
Bora ya pili kuliko kelele zako.

Refa Mstaafu
Punguzeni wanangu. Kiungo Punda, nahodha msimuuze kabla hamjapata wa kupokea kazi yake. Kijana wa miaka 19 hajui kuomba faulo dakika ya 88, mzee anajua.

Kiungo Punda
Nimewaelewa. Mimi kwa jinsi ninavyoiona timu yetu, kwanza namba sita, kiungo wa mbele ya mabeki, mkongwe wa kutuliza mpira, pili winga wa akiba mwenye mbio ili akitoka mmoja aingie winga siyo beki. Nahodha abaki. Kocha apewe hilo dirisha moja la usajili.

Kona Fupi
Kocha wa beki wa tano apewe dirisha? Atasajili beki wa sita.

Glovu Kavu
Mkuu mbona kipa wenu hamumtaji? Lile goli la kusawazisha, mpira ulivyozagaa, alitoka au alibaki kwenye mstari?

Kiungo Punda
Ngoja nikaangalie tena.

Kiungo Punda
Dada, alianza kutoka akarudi. Nimerudia mara kadhaa. Kuna mtu alimziba njia, na siyo wa kwao. Ni yule beki wa tano.