Vifupisho vya programu vilivyowahi kukuponza: tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mwenyewe. Nina stationery Ngamiani, hapa Tanga. Juzi mteja kanitumia meseji: "Kaka, lile bango la harusi nalitaka la AI, leo jioni." Mimi nikajua akili mnemba. Nikaiagiza, ikanitolea maharusi wanang'aa, nyuma minazi na bahari (bibi harusi alikuja na vidole sita, nikamfunika kwa maua). Nikatuma, nikajipongeza. Haikupita muda simu inaita: "Sasa hii ndo nini? Fundi wa flex anataka faili la AI!" Kumbe Illustrator ya Adobe, ile ambayo faili zake huishia na .ai. Programu yenyewe ya 1987, huku mtaani akili mnemba haijulikani bado. Picha ya kawaida ukiivuta ifike mita tatu inapasuka. Iliyochorwa Illustrator ni mistari, ivute utakavyo. Nikachora upya mpaka saa sita usiku. Hela ile ile.

Mwana Chumbageni:
Pole mkuu. Mimi ni VS. Chuoni tuliambiwa kesho kila mtu aje na VS kwenye laptop. Nikaunga bando, nikashusha Visual Studio, lile dude la kuandikia programu. Limekata hata nusu haijafika. Asubuhi wenzangu wote wana VS Code, kidude cha MB mia hivi. Moja ya 1997, nyingine ya 2015, zote za Microsoft. Majina yaliisha?

Bi Karani:
Bosi yuko Dar, kanipigia: "Barua nimekutumia, ifungue na WPS." Nikaenda kwenye ruta, nyuma kuna kitufe kimeandikwa WPS. Nikabonyeza. Taa ikaanza kupepesa. "Bosi, inafunguka." Nikangoja weee. Kijana wa chai ndiye aliyenionesha WPS Office, imo kwenye simu yangu siku zote. Kile kitufe ni cha kuunganishia vifaa kwenye Wi-Fi bila kuandika nywila. Bosi hajui mpaka leo, na asijue.

Mpita Njia:
CV niliandika JS, yaani JavaScript, usaili wakaniuliza Java. Zote ni lugha za kuandikia programu, zote za 1995, undugu hakuna. Niliambulia soda.

Mwanzisha mada:
Bi Karani, "inafunguka" imenichekesha mpaka mteja kanishangaa. Mwenye kisa cha PS aje haraka, kuna dogo yuko dirishani anauliza kama PS ipo, sijui nimwashie Photoshop au nimwelekeze kwa wenye magemu.