Suti ya dukani, ya kupimiwa au ya kushonesha: ipi itakaa vizuri kwa mtu mwenye kifua kipana?

MabegaMapana:
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu anaoa baada ya miezi mitatu na mimi ndiye mpambe wake. Kifua changu ni sentimita 108, kiuno 84, na bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto (nalaumu mkoba wa kompyuta). Kila suti ninayojaribu ni vita: koti likikubali suruali inabaki gunia, suruali ikikubali koti halifungi. Nina njia tatu kichwani. Kununua iliyo tayari na kumpelekea fundi airekebishe. Kwenda kwa wale wanaokupima kisha suti inakatwa kiwandani. Au kumkabidhi fundi kitambaa aanze kutoka sifuri. Nisaidieni kulinganisha, na tafadhali asije mtu akaniambia "inategemea".

TaiNyeusi:
Inategemea.

Samahani mkuu, nimeshindwa kujizuia. Sasa kwa dhati: mwili wako hauna kosa, ni hesabu za viwanda. Suti inayouzwa koti na suruali pamoja mara nyingi hukatwa kwa kukadiria kwamba kiuno kimepungua kifua kwa sentimita 15 hivi. Wewe tofauti yako ni 24. Namba za Ulaya ni nusu ya kifua, kwa hiyo koti lako ni 54, na suruali inayokuja nalo itakuwa na kiuno cha 93 hivi. Ukitaka fundi apunguze hizo 9, mifuko miwili ya nyuma itasogeleana mpaka ionekane kama mmoja, na mishono ya pembeni itavutwa kuelekea makalio. Kupunguza 4 au 5 inawezekana bila aibu, zaidi ya hapo ni kuilazimisha nguo.

Tafuta wanaouza koti na suruali kila kimoja peke yake, kitambaa kilekile. Koti 54, suruali ya kiuno chako. Nusu ya tatizo imekwisha kabla hujafika kwa fundi.

FundiMstaafu:
Nimeikalia cherehani zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo nisikilizeni kwa tahadhari, maana sisi mafundi siku zote tutawaambia mshoneshe.

Kijana, unapojaribu koti usianze na kioo cha mbele. Anza na bega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Simama ubavu kwa ukuta, jisogeze taratibu: pedi ya koti ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni pana. Ukiona mkono wa koti umebonyea chini ya mshono, hapohapo livue. Kulirekebisha bega maana yake ni kung'oa mkono wote, kufungua bitana, kutoa pedi, kukata upya, kisha kuurudisha mkono bila kuacha mikunjo. Kazi hiyo naijua na bado nilikuwa naikataa.

La pili ni kwapa. Watu hudhani tundu kubwa la mkono ndilo linalokupa uhuru. Ni kinyume chake. Tundu likiwa chini sana, ukiinua mkono koti zima linapanda nao. Na halipandishwi, kwa sababu kitambaa kilichotakiwa kuwa pale kimeshakatwa na kutupwa.

Yanayobaki ni mepesi: kubana kiuno cha koti, kupunguza mikono, pindo la suruali. Ila urefu wa koti usiuchezee, ukipandisha zaidi ya sentimita mbili mifuko inaonekana imeshuka magotini. Na bega lako lililoshuka lisikunyime usingizi. Sikumbuki kumpima mtu ambaye mabega yake yalikuwa sawasawa. Utauona mkunjo wa mshazari ukitoka shingoni kwenda kwapani upande huo. Fundi ataongeza tabaka jembamba kwenye pedi ya kulia na utatoweka.

SentimitaMbili:
Acha niwape yangu ya njia ya pili. Nilikwenda mahali fulani wakanipima vizuri tu, futikamba kila kona, baada ya wiki sita suti ikafika. Mbele safi kabisa. Nyuma, kola imesimama mbali na shingo, kidole kinapita! Nilirudi nikiwa mkali, lakini nikikumbuka siku ya kupimwa, nilikuwa nimevuta tumbo ndani na kusimama kama askari wa gwaride. Walimpima mtu ambaye si mimi.

FundiMstaafu:
@SentimitaMbili hapo ndipo tofauti ilipo, na wauzaji hawaisemi. Wewe ulikatiwa kutoka kwenye kiolezo kilichokuwepo, wakakirefusha hapa na kukibana pale, kisha nguo ikashonwa mpaka mwisho kabla hujaigusa. Anayeshonesha kwa ukamilifu huchorewa kiolezo chake mwenyewe, halafu anavalishwa koti likiwa bado limeshikwa kwa nyuzi za muda, mkono mmoja labda haujawekwa, na fundi anasimama nyuma yako na chaki. Kola isipolala anaiona palepale, anafumua. Ndiyo maana mafundi wa Savile Row, mtaa wa washona suti kule London, huhesabu saa 50 na zaidi kwa suti moja.

Lakini nisiwadanganye. Fundi asiyeshona makoti kila mara atakuharibia kitambaa kizuri. Suruali kila mtu anashona. Kabla ya kumpa kazi, mwombe akuonyeshe koti alilolimaliza, uangalie kola na jinsi mkono ulivyoingia begani.

Mtumbani:
Wakuu mmesahau njia ya nne, mtumba. Makoti mengi ya zamani yana akiba ya kitambaa ndani ya mishono, mengi ya siku hizi hayana. Geuza suruali nyuma katikati, uone umebakiwa na kiasi gani cha kuachia. Inua kitambaa kwenye mwanga utafute matundu ya nondo. Pindo la zamani likiwa limepauka, ukiachia mstari utabaki milele. Na tazama vifungo vya mkononi: matundu yake yakiwa yametobolewa kweli, huwezi kupunguza mkono kutokea kiganjani, itabidi upunguzwe kutokea begani, na hapo mzee ameshasema.

TaiNyeusi:
@Mtumbani kwa kifua cha 108 na kiuno cha 84? Atatafuta mpaka bibi harusi apate wajukuu.

MabegaMapana:
Nimecheka. Jamani leo nimeshinda madukani. Jaribio la ukuta limeniondolea makoti manne ndani ya dakika kumi, muuzaji akaanza kuniangalia vibaya. La tano likapita: bega safi, kola imelala, kifuani nikifunga kifungo ngumi inapita kwa kubana kidogo. Kiunoni lina nafasi kubwa na mikono imefunika shati lote. Suruali yake inauzwa kando. Nimeamua kulichukua nimpelekee fundi. Kushonesha nitangoja siku nyingine, miezi mitatu na fundi nisiyemjua naogopa.

Mikono nimwambie ipunguzwe kiasi gani? Na suruali iguse kiatu au isiguse?

TaiNyeusi:
Mikono: sentimita moja hadi moja na nusu ya shati ionekane. Suruali isiguse kabisa, wewe bado kijana.

FundiMstaafu:
Iguse kidogo, ikunje mara moja tu mbele. Isiyogusa ni nzuri kwenye picha, ukikaa soksi zote nje. @MabegaMapana chagua unayemwamini.

Kiunoni usimwache abane sana. Ukifunga kifungo na mikunjo ikatoka pale kama herufi X, amezidisha. Tazama na mpasuo wa nyuma, ukiachama, nyonga zinabanwa. Kisha siku ya kupimwa vaa shati utakalovaa harusini, mifuko iwe mitupu, simama unavyosimama siku zote, na akipima pindo usiiname kutazama. Ukiinama suruali inapanda na utapata fupi. Nenda na viatu vyenyewe, urefu wa kisigino unabadili kila kitu.

MabegaMapana:
Viatu bado sijanunua, mzee wangu.

FundiMstaafu:
Basi kwa fundi huendi kesho.